Mdogo wangu wa miaka 17 kasaini mkataba wa bodaboda, chombo kimechukuliwa na bado tunadaiwa. Sheria inasemaje?

Kaka wa Temeke

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa kwa wale wanaojua mambo ya sheria, kejeli pelekeni uzi mwingine.

Iko hivi. Nina mdogo wangu wa kiume, fomu foo ilimgomea akawa anazurura tu mtaani, akiwa na miaka 17 akaenda kwa mzee mmoja hapa jirani ana pikipiki kadhaa anazitoa kwa mkataba. Wakakubaliana hesabu elfu kumi kila siku kasoro Jumapili kwa miezi kumi na nne, akimaliza chombo chake na kadi anapewa. Wakaandikishana karatasi ile ya steshenari, dogo kasaini, mzee kasaini, na mjomba wetu kasaini chini pale palipoandikwa SHAHIDI. Kwenye umri wa dogo wameandika 19. Na huyo mzee anamjua dogo tangu anavaa kaptula za shule ya msingi, mtoto wake wamekaa dawati moja!

Dogo kapiga kazi vizuri kama miezi saba hivi, daftari la hesabu lipo na mzee katia saini kila siku. Juzi kati kaumwa taifodi hesabu ikalala, mzee kaja usiku na vijana wake kabeba chombo. Mkataba umeandikwa zikipita siku tatu bila hesabu chombo kinarudi kwa mwenyewe na pesa iliyolipwa hairudi. Tukasema sawa, yaishe. Sasa anadai tena laki sita na nusu, eti hesabu zilizolala pamoja na injini kafungua, asipolipwa anamfungulia dogo kesi ya wizi wa kuaminiwa na mjomba anamfunga kama mdhamini. Mama presha imepanda. Natanguliza shukrani.

nimekaa_paleee

Ngoja waje wajuzi

Mwenye Vyombo

Mimi ndo nyie mnaotuita matajiri wa boda kwa hiyo nitasema ukweli hata kama mtachukia. Hao madogo wanakuja wenyewe wanakulilia bro nipe chombo nina mama anaumwa, ukimuuliza umri anakwambia ishirini, ukimpa chombo anakiendesha kama kaokota, oili habadilishi, anapakia mishikaki, kikifa injini ndo mnakumbuka kwamba ni mtoto. Wakati anakula chipsi kuku kwa hela ya chombo changu hakuwa mtoto?? Kasaini kwa mkono wake, alipe.

Msomi Asiye na Joho

Kaka wa Temeke pole, mwambie mama apumue kwanza. Nafanya kazi za sheria ila hapa naongea kama mtu wa jukwaani, karatasi yenyewe sijaiona.

Kwa ulivyoeleza, mkataba huo ni batili. Sio kwamba ni mbaya au una mapungufu, ni batili, kisheria haukuwahi kuzaliwa. Sheria ya Mikataba Sura ya 345 kifungu cha 11 inataka anayeingia mkataba awe amefika umri wa utu uzima, awe na akili timamu na asiwe amezuiwa na sheria nyingine yoyote, na kifungu hichohicho kinamalizia kwamba makubaliano ya mtu asiye na sifa hizo ni batili. Utu uzima kwetu ni 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 4 nayo inasema aliye chini ya 18 ni mtoto. Haijalishi ana ndevu, haijalishi anajilipia chumba, haijalishi mtaani wanamwita baba fulani.

Sasa mjue hii sheria yetu tumeirithi India, ile sheria yao ya mikataba ya 1872 ndo ilitumika hapa enzi za Mwingereza mpaka 1961 tukatunga yetu, na yetu kwa sehemu kubwa ni ileile imebadilishwa koti. Ndo maana ukienda chuo chochote cha sheria hapa nchini ukitaja mkataba wa mtoto watakutajia kesi ya Mohori Bibee na Dharmodas Ghose. Calcutta hiyo, mwaka 1895, kijana mdogo kaweka nyumba rehani kwa mkopeshaji mmoja anaitwa Brahmo Dutt, mkopo wa rupia elfu ishirini. Na wakala wa mkopeshaji alikuwa ameshaandikiwa barua kabisa na wakili wa mama wa kijana kwamba huyu hajafika umri, ila akaendelea kumsainisha. Kijana kupitia mama yake akaenda mahakamani rehani ifutwe. Ikapanda mpaka Baraza la Mfalme kule London, na mwaka 1903 wakasema mkataba wa mtoto ni batili moja kwa moja, na hata ile hoja ya basi arudishe hela aliyokwishachukua ikagonga mwamba.

Umeona inavyofanana na mzee wako? Kuna mtu anajua kabisa huyu ni mtoto halafu anaandika 19.

Mwenye Vyombo

Kwa hiyo msomi unatuambia watoto wana leseni ya kula hela za watu. Sawa. Na kama kadanganya umri mwenyewe je? Mimi siwezi kuchungulia meno ya mtu kama ng'ombe mnadani

Msomi Asiye na Joho

Hahaha mkuu swali lako la msingi sana usikasirike.

Uingereza 1914 kuna kesi ya Leslie na Sheill, kijana kadanganya umri kakopa pauni 400 kwa wakopeshaji. Mahakama ikasema amedanganya ndiyo, lakini ukimlazimisha alipe maana yake umeupa uhai mkataba ambao sheria imeukataa, kwa hiyo hadaiwi. Kitu ambacho bado kipo mikononi mwake ulichompa unaweza kukirudisha, hela iliyokwishaliwa imeliwa. India wao mahakama ya Lahore 1928 ilikwenda mbali kidogo, Khan Gul na Lakha Singh, kijana kadanganya umri kauza ardhi kapokea hela halafu hataki kukabidhi, majaji wakaona huyu arudishe hela kwa haki tu ya kibinadamu, ingawa mkataba wenyewe ni batili. Hizo zote kwa mahakama zetu ni za kushawishi tu sio amri. Ila zote hazikusaidii wewe kudai HESABU, maana hesabu inatokana na mkataba na mkataba haupo. Chombo chake mzee ameshakibeba, basi.

Binti Kigamboni

Msomi mi naomba kuuliza, si niliwahi kusikia kuna mikataba mtoto anabanwa nayo? Mfano mtoto kakopa unga dukani

Msomi Asiye na Joho

Umesikia sahihi. Mahitaji ya lazima. Kifungu cha 68 cha sheria hiyohiyo kinasema ukimpa mtu asiye na uwezo wa kuingia mkataba mahitaji ya lazima yanayolingana na hali yake ya maisha, unalipwa kutoka kwenye MALI yake. Kutoka kwenye mali, sio kwamba yeye anadaiwa, asipokuwa na mali imekula kwako. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kifungu cha 4 inasema atalipa bei ya haki, kwa hiyo ukimuuzia mtoto kiatu cha shule kwa bei ya kumpiga, mahakama haiangalii bei yako.

Na "lazima" inapimwa kwa vitu viwili, hali yake ya maisha na kama wakati huo alikuwa anakihitaji kweli. Kuna mwanafunzi wa Cambridge alichukua nguo kwa fundi wa mjini London zikiwemo vizibao kumi na moja vya kifahari, deni pauni 122 na kitu. Familia yao ina hela kweli, lakini fundi akashindwa mwaka 1908 kwa sababu baba mtu alionyesha kijana ana nguo za kutosha kabatini.

chawa_pro

vizibao 11 😂😂😂 huyo ni wa Sinza kabisa

Mwenye Vyombo

Okay hapo umenipa njia. Bodaboda ndo ajira yake, bila chombo hali. Kwa hiyo pikipiki ni hitaji la lazima. Kifungu cha 68 nilipwe.

Msomi Asiye na Joho

Nilikuwa nakusubiri hapo hapo. 1937 huko huko Uingereza kuna kijana chini ya umri alikuwa anafanya biashara ya kusafirisha mizigo, akachukua lori kwa mkataba wa kulipa kidogokidogo, mpango uleule wa boda za mkataba ila la kwake lina matairi mengi. Akashindwa kulipa. Kampuni ikaja na hoja yako neno kwa neno, kwamba lori ndo linamlisha. Mahakama ikakataa. Kitu cha biashara sio hitaji la lazima, kwa sababu sheria haitaki mtoto abebe hasara ya biashara, na hasara ya biashara ndo kitu cha kwanza kumpata mtu asiye na uzoefu. Kesi inaitwa Mercantile Union Guarantee na Ball.

Na tukienda mbali zaidi, hiyo kazi yenyewe. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomuumiza na isiyomzuia shule, na usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi hairuhusiwi. Mtoto na boda saa nne usiku Tandika hiyo sio kazi nyepesi kwa tafsiri yoyote ile. Mzee akienda kushtaki aende akijua ataulizwa na haya.

Kaka wa Temeke

Msomi Mungu akubariki sana. Kwa hiyo zile tulizokwishalipa miezi saba tunaweza kumdai? Maana ni kama milioni moja na laki nane hivi, daftari lipo na sahihi zake zote. Mkataba si batili?

Msomi Asiye na Joho

Hapa ndo pagumu na naomba usome taratibu, maana huku ndo watu wengi wanadanganyana vijiweni.

Batili inakata kotekote. Dogo hadaiwi chini ya mkataba huo, lakini na yeye hawezi kuushika huohuo mkataba akasema nipe chombo nimebakiza miezi saba. Haupo kwake, haupo kwa mzee. Ile ndoto ya kadi imeondoka nao.

Pesa iliyokwishalipwa ni habari nyingine. Mwaka 1889 Uingereza, Valentini na Canali, kijana kapanga nyumba na kununua fenicha za ndani, bei pauni 102, kalipa 68 na salio kaandika hati ya kuahidi kulipa. Kakaa miezi kadhaa kalala kwenye vitanda hivyo, halafu akaomba mahakama imfutie mkataba na arudishiwe 68 zake. Mkataba wakafuta, salio wakafuta, 68 wakamwambia hapana, huwezi kutumia kitu ukashiba halafu ukarudi kudai hela yote kama vile hukutumia.

Sasa dogo wako kaendesha chombo miezi saba, kila siku alipotoa elfu kumi kuna kilichobaki mfukoni mwake. Ukienda mahakamani kudai milioni na laki nane nzima jiandae kuambiwa hivyo. Lakini una hoja na wewe. Hesabu ya kawaida ya boda ambayo sio ya mkataba hapo kwenu ni sh ngapi?

Kaka wa Temeke

Elfu saba. Mzee mwenyewe zile nyingine anatoa kwa elfu saba

Msomi Asiye na Joho

Basi hapo ndo penye mazungumzo. Elfu saba ni ya kutumia chombo, ile elfu tatu ya juu dogo alikuwa ANANUNUA chombo ambacho hajapewa. Elfu tatu kwa miezi saba piga mwenyewe hesabu. Toa injini kama kweli iliharibika mikononi mwake, mdai risiti ya fundi. Mimi ningekaa naye mezani kwa hoja hiyo kabla ya kumwaga hela kwenye kesi.

Na msibabaike na muda, Sheria ya Ukomo haimhesabii mtoto siku mpaka afike 18.

Afande Mstaafu

Naongezea kwenye polisi. Huo wizi wa kuaminiwa hapo haupo, chombo kachukua mwenyewe, dogo hakukiuza wala hakukificha. Ni deni, na kituo cha polisi hakidai madeni japo wapo wanaokigeuza hivyo. Ila dogo naye asijione yuko juu ya sheria, huko kwenye jinai kinga ya utoto inaishia chini kabisa, chini ya miaka 10 haushtakiwi, chini ya 12 mpaka ithibitike ulijua unachokifanya ni kosa. Wa 17 unashtakiwa, tofauti utapelekwa mahakama ya watoto. Angekuwa kauza chombo hapo uzi huu ungekuwa na rangi nyingine.

Binti Kigamboni

na mjomba je jamani? mjomba wa watu alienda tu kusaini

Msomi Asiye na Joho

Shahidi ni shahidi. Kazi yake ni kusema niliona wakisaini, hadaiwi hata mia. Mdhamini ni mwingine na lazima awe ameahidi mwenyewe kwamba asipolipa huyu nitalipa mimi. Angekuwa kasaini kama mdhamini ningekuwa na maneno marefu, maana kwenye mtu aliyemdhamini mtoto mahakama za wenzetu ziliwahi kupishana, kuna waliosema deni halipo kwa hiyo hakuna cha kudhamini, kuna waliosema mdhamini ni mtu mzima abebe mwenyewe. Karatasi yako inasema SHAHIDI, ipigeni picha leo kabla haijaongezewa maneno.

Jirani_Mombasa

Salamu kutoka huku pwani ya Kenya. Sisi mambo yako tofauti kidogo, sheria yetu ya mkataba imechukua ya Kiingereza moja kwa moja sio ya India, kwa hivyo huku mkataba wa mtoto mara nyingi si batili tangu mwanzo, ni mtoto ndiye ana hiari ya kuukataa. Umri ni huohuo 18. Mtu asome hizi akadhani zinaingia Mombasa vilevile atajikwaa.

Msomi Asiye na Joho

Shukran sana ndugu, umeweka sawa. Na Zanzibar nao wana sheria yao ya mikataba na Sheria ya Watoto ya 2011, mtoto ni chini ya 18 vilevile.

Kocha Mchangani

Msije mkasahau huku kwetu kwenye mpira. Kuna jamaa anapita viwanjani ana karatasi anawasainisha watoto wa miaka 14, 15, kwamba yeye ndo meneja mpaka atakapostaafu mpira na kila hela atachukua nusu. Wazazi wanaona bahati imeshuka.

Msomi Asiye na Joho

Kocha waambie wazazi wasome kisa cha Wayne Rooney. Desemba 2000 akiwa na miaka 15 alisaini mkataba wa uwakilishi na kampuni moja. Baadaye kampuni nyingine ikamchukua, ya kwanza ikashtaki ya pili kwamba wamemshawishi avunje mkataba. Mahakama mwaka 2006 ikasema mkataba wa wakala sio hitaji la lazima na wala sio wa kumfundisha kazi, alikuwa na klabu yake Everton tayari, hivyo alikuwa na haki ya kutoka, na huwezi kumshtaki mtu kwa kumshawishi mtoto atoke pale ambapo sheria inamruhusu kutoka.

FIFA nao wana ukuta wao, mchezaji chini ya 18 mkataba wa kulipwa usizidi miaka mitatu hata kama karatasi imeandikwa kumi, na uhamisho wa kwenda nchi nyingine chini ya 18 umefungwa isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Barcelona walifungiwa usajili kwa hilo, na Chelsea 2019. Sasa huyo wa mchangani na karatasi yake ya "mpaka astaafu" ni nani?

chawa_pro

mimi mdogo wangu alikopa kwenye simu akagoma kulipa anasema yeye mtoto 😂 nimpe huu uzi?

Msomi Asiye na Joho

Laini imesajiliwa kwa jina la nani?

chawa_pro

ya maza

Msomi Asiye na Joho

Basi deni linamsoma maza. Mtoto laini anasajiliwa na mzazi kwa kitambulisho cha mzazi, mfumo unamuona mzazi. Badilisheni namba ya siri.

Mama Wawili

Kinachonishangaza mimi nchi hii ni kwamba mtoto wa kike wa 15 hawezi kusaini mkataba wa pikipiki ila Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema anaweza kuolewa mzazi akikubali. Ndoa sio mkataba??

Msomi Asiye na Joho

Mama umegusa penyewe. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kwa hilohilo, Julai 2016 vifungu vya 13 na 17 vikaonekana vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikakata rufaa na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono. Ila hilo tulifungulie uzi wake, hapa tutamsahau dogo.

Kaka wa Temeke

MREJESHO wakuu. Tumekaa jana ofisi ya serikali ya mtaa, mimi, mama, mjomba, dogo na mzee. Mzee alianza kwa ukali sana, nikamsomea kifungu cha 11 kwenye simu, mtendaji naye akamuuliza huyu ulimwandika 19 kwa kutumia cheti gani? Akakaa kimya akaanza kusema ni karani wa steshenari. Risiti ya fundi hakuwa nayo. Tukapiga ile hesabu ya elfu tatu, tukatoa za siku alizoumwa na tukamkubalia kidogo ya injini maana dogo alikiri alichelewa kubadilisha oili, tumekubaliana anarudisha laki tatu na nusu kwa awamu mbili na hakuna anayemdai mwenzake. Anasema dogo akifika 18 mwezi ujao aje wasaini "kuendeleza" ule wa zamani.

Msomi Asiye na Joho

Safi sana, na hayo makubaliano ya jana kasaini nani?

Na huo wa zamani USIENDELEZWE. Kitu batili hakifufuki kwa mtu kufikisha 18. Wakitaka kufanya kazi tena waandike mpya kuanzia sifuri, tarehe mpya, bei mpya, na ile miezi saba isiingizwe kama deni wala kama malimbikizo.

Kaka wa Temeke

Kasaini mama na mimi, dogo tulimkalisha pembeni

Mwenye Vyombo

Haya mimi nimeelewa japo roho inauma. Msomi nikitaka kutoa chombo kwa kijana wa hivyo nafanyaje nisipigwe?

Msomi Asiye na Joho

Humpi. Omba kitambulisho cha NIDA, kile kinatolewa kwa waliofika 18, kama hana dai cheti cha kuzaliwa na usikubali kiapo cha mjomba. Kama familia ndiyo inataka chombo, mkataba asaini baba au mama kwa jina lake yeye kama mnunuzi, deni liwe lake, na dereva awe mtu mzima mwenye leseni. Na kile kipengele cha siku tatu kibadilishe, weka muda wa kueleweka na useme kinachorudi kwa aliyelipa kikirudi chombo.

Mwenye Vyombo

Hapo kwenye kinachorudi tutagombana ila sawa, nicheki inbox